Maji Kung'aa Siyo Kuwa Salama

Ndugu wanachama, sisi kina mama wa Kilosa na Mikumi tulizoea kuyapima maji kwa macho: yakiwa maangavu, tunajitwika ndoo. Somo lilikuja na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulibomoa tuta, maelfu ya watu wa Kilosa wakahamia kwenye mahema. Mafuriko hubeba ya vyooni yakaingia visimani. Tope likituama maji hung'aa tena, kumbe bakteria wamo. Ndiyo maana mpimaji huchuja mililita 100, akaweka kichujio kwenye joto la nyuzi 44 mpaka kesho yake, kisha akahesabu vidoa. Shirika la Afya Duniani linataka sifuri. Kikitokea hata kimoja, kinyesi kimeingia, hata kama bibi zetu walikunywa hapo hapo. Basi tuchemshe. Kunakula mkaa, jamani, na mkaa ni hela ya hisa.