Mgagani wataka subira katika bustani ya shule

Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka wa 1962 na kufufuliwa mnamo 2021 ili wanafunzi wajifunze kilimo kwa vitendo. Mboga ya kienyeji inayowavunja moyo wengi ni mgagani, ambao Waluo huuita dek na Wakisii chinsaga. Mbegu zilizovunwa juzi zikipandwa, huota chache mno, na mtoto hulaumiwa bure kuwa hakunyunyiza maji. Kumbe mbegu zingali zimelala! Sharti zikaushwe na kuhifadhiwa miezi kadhaa, kisha zipandwe kwenye vifuo visivyo na kina. Maua yakijitokeza, yakatwe ili majani yazidi kuchipuka. Mimea michache iachwe ikomae kwa mbegu za baadaye.