Ukiachishwa kazi, useme au unyamaze unapoomba nyingine?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA fomu nyingi za maombi ya kazi kuna mstari mmoja unaomfanya mwombaji aweke kalamu chini: 'Sababu ya kuacha kazi ya awali'. Kwa ambaye mkataba wake uliisha, jibu ni jepesi. Kwa aliyeachishwa kazi, mstari huo unaweza kuamua kama ataitwa kwenye usaili au barua yake itaishia kapuni.

Wengi huchagua moja kati ya njia mbili: kuandika kwamba walijiuzulu, au kuifuta kabisa kazi hiyo katika wasifu wao. Njia zote mbili zina hatari, na mara nyingi hatari hiyo ni kubwa kuliko aibu inayokwepwa.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara, mahusiano ya mwajiri na mwajiriwa yanaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005.

Sheria ya Bara haimlazimishi mwombaji kutangaza, bila kuulizwa, kwamba aliwahi kuachishwa kazi. Lakini pia haimkingi. Inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, maambukizi ya Virusi vya Ukimwi na mambo mengine, na katazo hilo linamhusu hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Kuwahi kuachishwa kazi hakumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mwajiri anaweza kuuliza, na anaweza kumwacha mwombaji kwa sababu ya jibu atakalopata.

Kuachishwa si kwa namna moja

Kabla ya kujibu, mwombaji hana budi kujua aliondokaje. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Sababu hizo zinaweza kutokana na mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kutopatana kwake na mazingira ya kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri.

Aliyepunguzwa kwa sababu ya mwisho, kwa mfano kampuni ilipofunga tawi, hakufanya kosa lolote. Haelekei kupata hasara kwa kueleza ukweli huo, lakini akiandika tu 'niliachishwa', msomaji anaweza kudhani aliiba.

Tofauti hiyo hugusa hata mfuko. Mfanyakazi aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, kwa kiwango cha juu cha miaka 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati malipo hayo.

Karatasi za kudai mapema

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi. Wengi huondoka kwa hasira bila kuidai, kisha huihangaikia miaka kadhaa baadaye, pengine ofisi ikiwa imeshafungwa. Hati hiyo pamoja na barua ya kuachishwa kazi zisomwe kwa makini, kwa kuwa jibu la mwombaji halipaswi kupingana nazo.

Anayeamini kwamba ameonewa ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Asiyetimiza miezi sita kazini hahusiki na kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Katika usuluhishi, pande mbili zinaweza kukubaliana si juu ya fedha tu, bali pia juu ya maneno yatakayotumika kueleza jinsi mfanyakazi alivyoondoka. Makubaliano hayo yaandikwe.

Bei ya uongo

Mwajiri mpya ana njia nyingi za kujua. Anaweza kumpigia simu mdhamini aliyetajwa kwenye wasifu, au kukutana na mtu aliyefanya kazi ofisi ileile. Uongo ukibainika baada ya ajira, kosa la zamani ambalo pengine lingesamehewa hugeuka kuwa kosa jipya. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinautaja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi hata kama ni mara ya kwanza.

Katika utumishi wa umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huonya kwamba watakaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria. Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya elimu, lakini ulionyesha kwamba kilichoandikwa siku ya kuomba kazi kinaweza kufufuka baada ya miaka mingi.

Namna ya kujibu

Wasifu hautakiwi kuwa na sababu za kuondoka. Jina la mwajiri, cheo na tarehe vinatosha, na tarehe zisirefushwe ili kuziba pengo. Barua ya maombi ieleze kile mwombaji anachoweza kufanya.

Fomu ikiuliza, ijibiwe kwa ufupi: 'Nafasi ilifutwa' au 'Mwajiri alisitisha mkataba; nitaeleza kwenye usaili'. Wakati wa usaili, sentensi tatu zinatosha: kilichotokea, alichojifunza, na alichofanya tangu hapo. Ofisa mauzo aliyeshindwa kufikia malengo anaweza kulikiri hilo, kisha akaonyesha mafunzo aliyopata baadaye. Kumsema vibaya bosi wa zamani, hata kama alikosea, humtia shaka anayesikiliza. Ikiwa shauri bado liko CMA, mwombaji aseme tu kwamba halijaamuliwa.

Upande wa wadhamini, si lazima awe meneja aliyesaini barua ya kumwachisha kazi. Msimamizi mwingine aliyeuona utendaji wake anafaa, ilimradi ameombwa mapema na anajua kitakachoulizwa.

Tangu Mei 1, 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtu ana haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na taasisi na kuomba zilizokosewa zirekebishwe. Aliyeandikiwa jambo lisilo la kweli katika jalada lake anaweza kuanzia hapo, kabla hajajaza fomu nyingine ya maombi.