Maradhi ya Kishikizo cha Jino

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi miaka miwili baadaye, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu waliotoka nchi mbalimbali, Mkongomani wa Kivu akizungumza na jirani yake Mrundi, na Msomali aliyepata kuishi Kenya akijifahamisha kwacho sokoni. Lakini mgonjwa anapopelekwa Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa inayofundishia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, aghalabu atakuta matabibu ambao lugha zao ni Kinyankole na Kiingereza, na habari ya maradhi yake haina budi kupita kinywani mwa mkalimani kabla ya kufika sikioni mwa daktari. Jina likikosewa njiani, huenda na tiba ikakosewa.

Istilahi ninayoikusudia ni ile ambayo matabibu wa meno huiita kwa asili ya Kiyunani, periodontitisi: sehemu ya kwanza ina maana ya kuzunguka, ya pili ni jino, na tamati yake huashiria kuvimba na kuwaka kwa kiungo. Wengi wetu huyaita maradhi hayo kiseyeye, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kiseyeye ni maradhi mengine kabisa, yaliyowatesa mabaharia wa zamani kwa ukosefu wa vitamini C, ambayo dawa yake ni matunda na mboga mbichi. Fizi za wagonjwa wa namna zote mbili hutoka damu, ama chanzo ni mbali na chanzo. Na mtu aliyeambiwa ana kiseyeye aweza kula ndimu mwaka mzima ilhali ukoga umebaki palepale, ukigandamana na kuwa ugaga mgumu usioondoka kwa mswaki.

Wengine husema ugonjwa wa fizi, na jina hilo ni sahihi kwa hatua ya kwanza tu. Ukoga ukikaa ukingoni mwa ufizi, bakteria wake huuvimbisha. Ufizi huwa mwekundu na kutoka damu, nao ukisafishwa barabara hurudia siha yake. Usiposafishwa, hutengana na jino kidogo kidogo, pakawa na kifuko kisichofikiwa na hewa, ambamo hustawi bakteria wasiopenda hewa, mashuhuri miongoni mwao akiwa Porphyromonas gingivalis, ambaye hutoa vimeng'enya viitwavyo gingipaini, vyenye uwezo wa kukatakata protini za mwili na kuvuruga ulinzi wake. Jambo ambalo watu wachache hulifahamu ni kwamba uharibifu mwingi baada ya hapo hutendwa na mwili wenyewe: askari wa damu, katika kupigana na adui wasiyeweza kumtoa, huuyeyusha mfupa wa taya na nyuzi zinazolishika jino. Jino huwa kama nguzo iliyomomonyokewa udongo, nayo haikuoza. Mfupa uliokwisha kupotea haurudi wenyewe, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba maradhi haya, katika hali yake kali, yamewapata watu zaidi ya bilioni moja.

Wala madhara hayakomei kinywani. Kila mtu mwenye fizi zilizovimba anapotafuna au kupiga mswaki, bakteria huweza kupenya katika damu, na athari za Porphyromonas gingivalis zimepatikana ndani ya mafuta yaliyogandamana kwenye mishipa ya moyo. Kwa mwenye kisukari mambo hukamatana pande zote mbili: sukari hudhoofisha ulinzi wa fizi, na fizi zinazowaka huifanya sukari iwe ngumu kutawaliwa, hata imethibiti kwamba kuzitibu fizi hizo husaidia kuipunguza.

Ama ubongo, hapa nataka tuwe na hadhari. Mwaka 2019 kundi la wataalamu lilitangaza katika jarida la Science Advances kwamba limekuta gingipaini katika bongo za marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupotewa na kumbukumbu uliopewa jina la tabibu wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1906. Na panya walipoambukizwa Porphyromonas gingivalis kinywani, bakteria huyo alifika hadi ubongoni mwao. Dawa ya kuvizuia vimeng'enya hivyo, atuzaginstat, ilijaribiwa kwa wagonjwa, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha kwamba kwa jumla haikupunguza mwendo wa kudhoofika kwa akili zao. Isitoshe, mtu aliyeanza kusahau husahau na mswaki, kwa hiyo yawezekana kwamba akili ndiyo hutangulia na fizi zikafuata. Shaka ni kubwa na ina msingi, lakini haijawa yakini, na asiwepo wa kumtisha mzee wa watu kwamba fizi zake zimekwisha kumtoa akili.

Kwa sababu hizi zote napendelea tuseme maradhi ya kishikizo cha jino, maana kinachoangamia ni mfupa na nyuzi zenye kulishika jino, na msikilizaji hufahamu papo hapo kwamba atapoteza jino zima lisilo na tundu hata moja. Uvimbe wa fizi na ubaki jina la hatua ya kwanza, inayopona. Kiseyeye na kirudishiwe maana yake ya ukosefu wa vitamini. Nanyi wakalimani na wahudumu wa afya wa Nakivale, mgonjwa akitaja damu ya fizi, mwulizeni imeanza lini, jino linatikisika au la, na kama ana kisukari. Kisha mwelekezeni kwa tabibu wa meno angali na mfupa wa kuokoa.