Mlango wa Maji Katika Injini: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuchagua Joto la Motakaa

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo yahusu kitu kidogo kilichofichwa ndani ya injini ya motakaa, nacho huitwa thamostati. Wenye magari wengi wa Njombe na Makambako hawakikumbuki ila siku kinapoharibika. Siku hiyo wako wanaokitoa na kukitupa, wakisema kwamba sasa maji yatapita bila kizuizi na injini itapoa. Twapenda kuonyesha, kwa kufuata historia yake, ya kuwa shauri hilo laweza kuleta hasara kubwa. Swali lipasalo kuulizwa ni hili: mlango huu ufunguke kwa joto gani?

Kwanza yafaa tuelewe kazi yake. Petroli inapowaka ndani ya silinda, yapata theluthi moja tu ya nguvu zake huwa kazi ya kuendesha gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na iliyobaki huingia katika chuma cha injini, na maji hayana budi kuiondoa. Joto likizidi, chuma hupindika na mafuta hupoteza utelezi wake. Walakini joto likipungua mno, petroli haigeuki mvuke vizuri, maji na asidi hujikusanya juu ya kuta za silinda, na chuma huliwa. Basi injini yataka joto la kadiri, kama vile unga wa ugali utakavyo moto wa kadiri.

Motakaa ya Karl Benz, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1885, haikuwa na mlango huo wala rejeta kama tuijuavyo. Maji yake yalichemka tu yakatoka kwa mvuke, na dereva alilazimika kuongeza mengine njiani. Mwaka 1901 magari ya Mercedes yalianza kutumia rejeta yenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, iliyopoza maji kwa upepo. Kisha Marekani ikaeneza Ford ya namna ya T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927. Karibu zote hazikuwa na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda juu yenyewe na ya baridi yakashuka, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi zaidi. Njia hii ni nzuri kwa wepesi wake, lakini haiwezi kuchagua joto. Asubuhi ya baridi injini ilikawia kupata moto, na madereva wengi walifunika rejeta kwa gunia au kwa turubai.

Ndipo ulipowekwa mlango ujifunguao wenyewe. Thamostati za kwanza zilikuwa na kikopo cha shaba chenye mikunjo, ndani yake kimiminika kigeukacho mvuke upesi. Kikipata joto, kikopo hurefuka na kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Huko Ulaya na Marekani watu walitia spiriti katika maji ili yasigande wakati wa theluji, na spiriti huchemka mapema. Kwa hiyo mlango ulipaswa kufunguka mapema pia, kwa digrii 71 hivi za sentigredi. Baadaye ilipotumiwa dawa ya glaikoli isiyochemka upesi, mlango uliweza kungoja hata digrii 82 au zaidi. Katika miaka ya 1930, Sergius Vernet wa Marekani alibuni thamostati itumiayo nta: nta huyeyuka, hutanuka, na kusukuma kijiti. Hii haibabaishwi na nguvu ya maji yaliyobanwa, nayo ndiyo itumikayo katika magari mengi hata leo.

Sasa turudi kwetu. Kila mama wa Njombe ajua kwamba maharagwe hukawia kuiva huku kuliko pwani. Sababu yake ni hii: mji wetu uko juu ya bahari kwa meta 1,900 hivi, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa digrii 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Makambako, ingawa iko chini kidogo, haina tofauti kubwa. Maharagwe hayo na injini hufuata sheria moja. Thamostati iliyoandikwa 88 huanza tu kufunguka kwa digrii 88. Ili ifunguke kabisa yahitaji digrii kama kumi zaidi. Ikiwa mfuniko wa rejeta umechakaa na haubani, maji yatakuwa yamekwisha chemka kabla mlango haujafunguka wote. Lakini mfuniko mzima wa kubana maji, hata ule wa nguvu ndogo, huweza kuyazuia yasichemke mpaka digrii 107 hivi hapa Njombe. Kwa sababu hiyo twasema: mfuniko na thamostati ni ndugu wawili, wala usimchague mmoja bila kumtazama mwenzake.

Historia ya barabara yetu yashuhudia jambo hili. Mwezi wa Novemba mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikakosa njia yake ya mafuta ya kusini. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo, kupitia Iringa, Makambako na Mbeya, na wasafiri wakaipa njia ile jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1968, na lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970, taabu ilipungua. Lakini mlima Kitonga haukuondoka. Lori litokalo katika joto la bonde la Ruaha hupanda polepole likiwa na mzigo mzito, upepo wa kupoza rejeta ni haba, na usiku huohuo laweza kufika Makambako katika baridi kali. Injini moja yapaswa kuishi katika nchi mbili kwa siku moja. Ikikosa mlango wa maji itakuwa baridi mno huku juu. Na katika injini nyingi thamostati ndiyo izibayo njia ya mkato, hata ukiitoa, maji ya moto huzunguka bila kupita katika rejeta, na Kitonga ikakushinda.

Na magari yenye nguvu nyingi je? Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 ilishinda Volkswagen ndogo ipozwayo kwa upepo, nayo pia ilikuwa na thamostati yake ya kuongoza upepo huo. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwa Peugeot 404, gari ambalo feni yake huungana na injini pale tu joto linapodai. Magari yale yalijengwa ili yatunze joto la kadiri, si ili yawe baridi.

Mafundi wa mashindano hupenda thamostati ya digrii 71 hata 82, kwa kuwa hewa iingiayo ikiwa baridi kidogo hujaza silinda vizuri, na petroli hailipuki kabla ya wakati wake. Lakini injini ya mashindano hukimbia kwa nguvu muda wote, tena hufunguliwa na kutazamwa mara kwa mara. Gari lenye nguvu litumikalo kila siku halipati matunzo hayo. Kwa hilo digrii 82 mara nyingi hutosha, na kwa gari la kisasa liongozwalo na kompyuta yafaa kufuata namba ya mtengenezaji, maana kompyuta ikiona maji ni baridi huendelea kumimina petroli nyingi bure. Tena jambo hili lisisahauliwe: thamostati huweka joto la chini tu. Rejeta iliyoziba haiponi kwa kuwekewa thamostati ya namba ndogo. Itachelewa kidogo, kisha itachemka vilevile.

Mtu aweza kuijaribu nyumbani. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha pasha moto polepole. Ikianza kufunguka karibu na namba iliyoandikwa, ni nzima. Isipofunguka kabisa hata maji yachemke, usiihukumu upesi, maana maji ya Njombe huchemka mapema. Na rejeta ya moto isifunguliwe kamwe, kwani mfuniko ukitoka, maji yaliyobanwa hugeuka mvuke mara moja na kuunguza uso na mikono.

Gunia la viazi lisipofika sokoni, aliyelima hupata hasara pamoja na mwenye lori. Bei ya thamostati ni ndogo sana ukiilinganisha na ya injini. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wenye magari, na vijana mnaojifunza ufundi, kabla hamjakitupa kifaa hiki, someni kwanza namba iliyochorwa juu yake.