Gugu la Ziwani na Taka za Sokoni

Msomaji, ukifika Kisumu siku ya Jumapili, nenda Kibuye. Hapo pana soko la wazi lililo miongoni mwa makubwa ya Afrika ya Mashariki. Utaona mafungu ya nyanya na sukuma wiki, omena waliokaushwa, mitumba, na vitanda vya maseremala. Jioni, wauzaji wakienda zao, hubaki kitu kisicho na mnunuzi: majani, maganda na matunda yaliyooza. Huenda ukauliza, "Taka zina historia gani?" Zinayo, nayo yaanzia ziwani.

Mwaka 1990 gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Ua lake lapendeza, lakini uzuri huo ulikuwa wa mkakasi. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika hekta 17,000 hivi, hasa katika Ghuba ya Winam. Mitumbwi ilikwama, nyavu zikanasa, na meli zikapata taabu kuingia bandari ya Kisumu.

Wataalamu walimtafuta adui wa gugu hilo katika nchi lilikotoka, wakampata fukusi mdogo alaye majani yake. Mwaka 1997 watafiti wa kilimo wa Kenya walianza kuwaachilia fukusi hao ziwani. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imezama. Mvua kubwa za El Nino nazo yasemekana zilisaidia. Watu walishangilia. Lakini baada ya mvua nyingi za mwisho wa 2006, gugu lilirudi.

Kwa nini lilirudi? Hapana mmea uishio bila chakula. Gugu hili hulishwa na rutuba iingiayo majini: udongo na mbolea viletwavyo na mito kama Nyando na Nzoia, pamoja na uchafu wa miji. Jani lioza­lo sokoni, likisombwa na mvua hadi ziwani, huwa karamu ya gugu. Fukusi aweza kula jani. Kufagia soko hawezi. Basi ilidhihirika kwamba dawa ya ziwa haina budi kutafutwa nchi kavu, milangoni pa watu.

Hapo ndipo vyuo vikuu vilipohitajiwa kwa namna mpya. Mwaka 2010 kituo cha utafiti wa miji kiitwacho Mistra Urban Futures kilianzishwa Gothenburg, katika nchi ya Sweden, na Kisumu ukawa mmoja wa miji iliyoshirikiana nacho. Chuo Kikuu cha Maseno na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoko Bondo, viliketi pamoja na watawala wa mji na wakazi. Walichagua kushughulikia masoko, na pia utalii usioharibu mazingira, hasa katika ufuo wa wavuvi wa Dunga. Kituo hicho kilifikia mwisho wake mwaka 2019.

Fikiri faida ya kuketi hivyo. Mwanachuo aweza kupima maji na kukuambia rutuba imezidi kiasi gani. Lakini ni nani ajuaye saa ambayo taka huwa nyingi, kichochoro ambacho mkokoteni haupiti, na sababu ya mtu kutopeleka uchafu jalalani? Ni mama auzaye mboga, na kijana asukumaye mkokoteni. Mwenye kipimo bila habari hizo hupanga mambo yasiyotendeka; mwenye habari bila kipimo hulaumiwa kwa uchafu asioweza kuuondoa peke yake.

Usidhani kazi imekwisha. Gugu lingali likija na kuondoka, na taka za kila jioni zangali zikingoja. Labda siku moja utaingia chuo kikuu. Ukiisha kupata elimu yako, shuka nayo mpaka sokoni, ukaulize kabla ya kufundisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.