Kocha Aliyekuwa na Son Kabla Hajawa Son

Mkenya yeyote aliyekuwa akitazama Tottenham enzi za Wanyama anamjua Son Heung-min. Haya, niambieni basi, Lee Kwang-jong ni nani? Kimya, si ndiyo? Ndiyo maana leo naandika.

Lee alizaliwa 1964. Alikuwa kiungo. Alianza ligi ya Korea Kusini 1988 akiwa na Yukong, akamalizia Suwon Samsung Bluewings 1997. Supastaa hakuwa. Alipotundika njumu akaenda kufunza vijana, na huko ndiko jina lake lilikojengeka, polepole, bila kelele.

2009 akawaleta vijana wa chini ya miaka 17 kwenye Kombe la Dunia hapa Afrika, kule Nigeria. Kikosini kulikuwa na huyo Son, miaka 17, bado hajulikani. Son akafunga mabao 3. Korea wakafika robo fainali, wenyeji wakawatoa 3-1.

Lee hakuondoka. 2012 akashinda ubingwa wa Asia wa vijana kwa kuwapiga Iraq kwa penalti. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 kule Uturuki, akafika tena robo fainali. Waliomtoa? Iraq hao hao, tena kwa penalti. Boli ina madharau yake.

Halafu ikaja 2014, Michezo ya Asia, Incheon, nyumbani kwao. Hapa lazima uelewe kitu kimoja: Korea Kusini kila mwanamume mwenye afya analazimika kwenda jeshini, na wakati ule ilikuwa karibu miaka 2. Kwa mchezaji, hiyo ni miaka 2 ya kilele chake. Dhahabu ya Michezo ya Asia inakuondolea huo mzigo. Kwa hivyo kocha alikuwa ameshika maisha ya vijana 20 mkononi, si kombe tu.

Fainali ilikuwa dhidi ya Korea Kaskazini. Dakika 90, sufuri sufuri. Muda wa ziada ukayoyoma, watu wakaanza kuwaza penalti. Dakika za mwisho kabisa, Rim Chang-woo, beki wa timu ya daraja la pili, akafunga. 1-0. Dhahabu ya kwanza ya soka tangu 1986, na mashindano yote hawakufungwa hata bao moja. Kim Jin-su, aliyekuwa naye Nigeria akiwa mtoto, alikuwa uwanjani.

Lee akapewa timu ya kwenda Olimpiki ya Rio. Hakufika. Mapema 2015 akapatikana na saratani ya damu, kazi ikaenda kwa Shin Tae-yong. Septemba 2016, wiki chache tu baada ya Rio, akafariki. Miaka 52.

Maoni yangu ni haya. Tunapenda kusherehekea aliyevuna. Kijana akishatoka, kila mtu anadai alimwona mapema. Lakini kuna mtu alimpanga kikosini wakati hakuna kamera, hakuna ajenti, hakuna hata jina mgongoni. Kwetu mtu huyo yuko kila mtaa wenye uwanja wa vumbi, na wengi hatujui hata jina lake la pili.

Wewe kocha wako wa kwanza anaitwa nani? Kama bado yuko hai, mpigie leo.