Mgeni na Mawe: Ukarimu katika Visasili vya Turkana

Goethe alipowasili Roma mwaka 1786 alipokewa na rafiki yake, mchoraji Tischbein, akakaa kwake na kuongozwa naye. Hata hivyo, sanaa aliyokwenda kuitazama haikuwa na habari yoyote ya ugeni wake. Ilisimulia miungu, watakatifu na wafalme. Fasihi ya safari ya Ulaya imezoea mgawanyo huo: rafiki hutoa malazi, sanaa hutoa mafunzo. Msafiri apitaye Turkana hukutana na hali nyingine. Huko, kazi ya sanaa inayotazamwa njiani na masimulizi yanayoifafanua vyote huzungumzia jambo moja, yaani namna mgeni alivyopokewa.

Kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno. Mahali hapo huitwa Namoratunga, jina lenye maana ya watu wa mawe. Yasimuliwa kwamba watu walikuwa wakicheza ngoma, akaja mgeni wa ajabu. Wakamcheka, naye akawageuza mawe. Wapita njia huweka vijiwe juu ya nguzo hizo, na vijiwe hivyo vinaendelea kuongezeka.

Wataalamu wa mambo ya kale hawakuanza na kisasili hiki. Mwaka 1978, Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo zilipangwa kwa kufuata nyota, zikiwa kalenda ya Wakushi ya takriban mwaka 300 K.K. Soper alizitilia shaka hesabu zao mwaka 1982. Kisha mwaka 2018 Hildebrand na wenzake walichapisha matokeo ya uchimbaji wa Lothagam Kaskazini, kituo kingine cha nguzo katika bonde hilo hilo, na kuonyesha kuwa kilijengwa na wafugaji wa mwanzo kabisa wa eneo hilo, kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita, wakiwazika humo watu wasiopungua 580. Waturkana walifika karne chache tu zilizopita. Hawakuyasimamisha mawe, waliyakuta.

Kutokana na hayo ni rahisi kuhitimisha kwamba kisasili hakina thamani ya kihistoria. Hitimisho hilo ni la haraka. Kisasili hakimhusu mjenzi, kinamhusu anayekisimulia. Jamii iliyoingia katika nchi yenye alama za watu wengine inasimulia kwamba waliotangulia waliangamia kwa kosa moja: walimcheka mgeni. Kwa usomaji huu, mgeni wa ajabu si adui wa msimulizi. Yuko upande wake.

Simulizi ya pili inatupeleka kaskazini-magharibi, kwenye mto Tarach, ambao kando yake umejengwa mji wa Kakuma. Lamphear, katika makala yake ya mwaka 1988 kuhusu asili ya Waturkana, aliichambua kwa kina. Vijana wa Kijie, kutoka upande ambao leo ni Uganda, walimfuata fahali aliyepotea, wakashuka bonde la Tarach na kumkuta Nayece, mwanamke mzee aliyekuwa akichuma matunda ya porini. Naye alikuwa Mjie. Aliwapokea, wakaipenda nchi, wakarudi kuwaita wenzao. Kilima cha Moru Anayece kina jina lake hadi leo. Mirzeler, katika kitabu chake cha mwaka 2014, anaonyesha jinsi Wajie na Waturkana wanavyoikumbusha simulizi hii wanapohitaji kupatana. Na katika tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, jamii za Ateker kutoka nje ya Kenya huja kucheza ngoma pamoja na wenyeji wao.

Wahakiki wengi husifu ukarimu wa Nayece na kuishia hapo. Lakini mtiririko wa matukio una ukali wake. Wageni wa Nayece hawakuaga. Walibaki, wakazaa, wakawa wenye nchi. Na mwenyeji mwenyewe alikuwa mgeni aliyetangulia kidogo.

Mwaka 1992 vijana wengine walifika Kakuma, safari hii kutoka Sudan, wengi wao wakiwa wavulana waliotembea kwa miguu bila wazazi, na kambi ikaanzishwa. Ulinganifu na simulizi ni dhahiri, ila sehemu moja imebadilika. Nayece alitoa tunda kwa mkono wake mwenyewe. Kambini, posho ilitoka kwa mashirika ya kimataifa, na Mturkana aliyeishi jirani, mara nyingi akiwa na njaa kuliko mgeni, alikosa nafasi ya kuwa mwenyeji. Magomvi ya kuni, maji na malisho yaliyofuata yameelezwa sana kiuchumi. Yanastahili kuelezwa kifasihi pia, kwa sababu mzee anayemsimulia Nayece kando ya Tarach leo anasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba nchi hii ilianza kwa kumkaribisha mgeni, na kwamba anajua mgeni aliyekaribishwa huwa nani baadaye.